Mtu wa Usingizi

Chumba cha upasuaji cha kituo kile cha afya, upande wa Nyansurura, kilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa usingizi. Kitanda kilikuwepo, taa kubwa ilikuwepo, na mashine ya kumlaza mgonjwa ilikuwepo, imefunikwa shuka la kijani kwa ajili ya vumbi la barabara. Daktari wa kupasua naye alikuwepo. Aliitwa Omondi, Mjaluo mrefu mwenye sauti ya chini, na mikono yake ilikuwa myepesi. Lakini aliyekuwa akitoa dawa ya usingizi alihamishwa mapema, kituo kikiwa bado kinanuka rangi, na tangu hapo watu waliambiwa mwingine anakuja.

Scholastica alikuwa nesi wa hapo. Alizaliwa vijiji hivyo hivyo, akasomea uuguzi ngazi ya cheti, akapangiwa kazi nyumbani. Leba ilikuwa yake. Akinamama wa kata ile walimwita "wetu", na hata waliomzidi umri walimtii akisema sukuma au pumzika.

Siku alipoletwa Agness, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Agness alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake Kisyeri, na ile ilikuwa mimba ya kwanza. Alifika kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mumewe, miguu imejaa tope. Kufikia mchana njia ilikuwa imefunguka yote, lakini mtoto hashuki. Scholastica akamwita daktari.

Omondi alimpima, akavua glavu taratibu, akamvuta Scholastica nje ya pazia.

"Huyu hazai kwa njia ya kawaida. Kichwa kimekwama. Apasuliwe, na iwe sasa."

"Gari liko wapi?"

"Limepeleka mgonjwa hospitali ya Mugumu mjini. Nimeshawapigia, wako njiani kurudi. Ila mto umejaa, wanangoja maji yapungue."

Scholastica alitazama mlango wa chumba cha upasuaji. Haukuwa mbali; sauti ya Agness ilikuwa inagonga pale.

"Daktari, dawa ya usingizi si ipo?"

"Ipo."

"Sasa?"

"Dawa ipo, Scholastica. Nikishamlaza, mimi nainama nakata. Pumzi yake ataishika nani? Presha ikianguka nani ataona? Akitapika akiwa hajitambui, nani atamgeuza?"

"Nifundishe mimi. Niambie nishike wapi, niangalie nini."

Omondi alimtazama. Ilionekana wazi kuwa alikuwa analitaka jambo lile kuliko hata yeye. Kisha akatikisa kichwa. "Nikikufundisha sasa hivi, nitawapoteza wote wawili na wewe utabaki na hilo maisha yako yote. Nyasaye, Mungu wangu! Laiti ningekuwa na mikono minne."

Wakangoja. Hakuna kazi ngumu kama hiyo. Scholastica alimshika Agness kiuno, akampangusa uso, kila mara akainama na kile kipembe cha mbao kusikiliza moyo wa mtoto. Ulikuwa unapiga, kisha ukawa unapiga kwa kusita. Kisyeri alikuwa amesimama barazani akitazama barabara, mvua ikimlowesha, na alipoambiwa aingie ndani hakusikia.

Gari lilifika jua limekwisha kuinama, wakampakia Agness. Walipovuka mto, Scholastica aliweka kipembe tumboni mwa wifi yake akasikia kimya. Akakihamisha. Kimya. Agness alikuwa anamwangalia usoni. Scholastica akatikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu aliyesikia, na akaendelea kufanya hivyo njia nzima mpaka Mugumu.

Agness alipasuliwa akapona. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi. Kisyeri alimzika nyuma ya zizi.

*

Agness aliporudi nyumbani, maziwa yalikuja. Hayakujua kwamba hakuna wa kuyanyonya. Scholastica alienda kila jioni baada ya zamu kumfunga kifua kwa kanga, na wawili hao walikuwa hawaongei sana. Siku moja, akiwa amempa mgongo, Agness akasema:

"Wifi, ile mashine iliyofunikwa shuka. Inafanya nini?"

"Inampa mtu dawa alale, na inamsaidia kupumua."

"Inafanyaje?"

Scholastica akakaza fundo la kanga. Alikuwa anaifuta vumbi kila Ijumaa, na hakuwa anajua.

"Sijui, wifi. Sikusomea."

"Aa," alisema Agness. Hakusema kwa ubaya. Lakini Kisyeri alikuwa mlangoni, na yeye ndiye aliyeuliza lile ambalo Scholastica alikuwa analikwepa kwa majuma mengi.

"Dada, wewe ulikuwepo pale."

"Nilikuwepo."

"Na kile chumba kilikuwepo."

"Kilikuwepo, Kisyeri."

Akaondoka kwenda kufunga ng'ombe. Kuanzia siku ile alimsalimia dada yake vizuri kabisa, kwa heshima zote, kama anavyosalimiwa mgeni.

Hapo ndipo Scholastica alipoamua. Kwa miaka mingi alikuwa akisema atajiendeleza, kama wanavyosema manesi wote, bila kujua ajiendeleze kwenda wapi. Sasa alijua. Akaomba siku moja, akapanda gari kwenda mjini kwa Mama Eunice, mwenye kusimamia wauguzi wa wilaya, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa amemfundisha kuzalisha alipokuwa binti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Scholastica. Kaa. Nimesikia habari za wifi yako. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Mama, nataka kusomea usingizi."

Mama Eunice alivua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani. "Kwa nini usingizi? Fani ziko nyingi. Kuna macho, kuna afya ya akili, kuna ya watoto wachanga, kuna dharura. Wewe mkono wako ni wa watoto wachanga. Kwa fani hiyo kuna hata mafunzo mafupi, naweza kukuingiza na cheti chako hicho hicho."

"Mtoto wa Agness hakukosa wa kumpokea, mama. Mimi nilikuwa nimekaa pale nimemtandikia."

Mama Eunice akaanza kumweleza, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mwenzake mlima. Fani ya usingizi haipokei nesi wa cheti. Kwanza uwe na diploma. Ukishaipata, usajiliwe kwa daraja hilo jipya na upewe leseni yake. Kisha ufanye kazi kwa leseni hiyo, miaka, si miezi, uonekane umekomaa. Ndipo unaomba kusomea usingizi, na mwajiri akuruhusu.

"Basi nianze na diploma."

"Fizikia ulipata ngapi kidato cha nne?"

"Sikufanya. Shule yetu haikuwa na mwalimu."

"Wakati unaingia cheti hawakuuliza. Sasa hivi kwenye diploma wanauliza. Biolojia unayo, kemia unayo, fizikia huna." Akaivaa miwani yake. "Mwanangu, si kwamba nakukatisha tamaa. Ni njia ndefu, na mimi siwezi kuifupisha hata hatua moja. Ningeweza ningekuwa nimeshaifupisha kwa ajili ya kituo chenu."

Usiku huohuo mumewe Waitara, aliyekuwa dereva wa mgodi huko Kewanja na kurudi nyumbani kwa zamu, alimwambia kwenye simu kwamba anapoteza akili. "Kama ni kusoma, soma dharura. Huku mgodini wanatafuta manesi wa dharura. Tungekaa pamoja, Schola. Huo usingizi utakupeleka wapi?"

"Chumba cha pili tu," alijibu. "Mita chache kutoka leba."

Waitara alicheka, akafikiri ni mzaha.

*

Shule ya sekondari ya kata ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mnada. Mwalimu wa fizikia sasa alikuwepo, kijana wa kujitolea aitwaye Emanueli, na alipoombwa na Scholastica aketi darasani kwake alishikwa na aibu kuliko yeye.

"Shikamoo, mama. Yaani utakaa na kidato cha tatu?"

"Nitakaa mwishoni. Nisipoelewa nitanyoosha mkono."

Akawa anafanya zamu za jioni ili asubuhi awe darasani. Nusu ya wanafunzi wale alikuwa amewapokea mwenyewe walipozaliwa, na walimpisha kwenye dawati kwa unyenyekevu uliomfanya atamani kucheka. Walimwita Mama Nesi. Mwanzoni hakuelewa kitu. Kiingereza cha kitabu kilikuwa kigumu kuliko fizikia yenyewe, na akiwa amechoka maneno yalikuwa yanacheza. Kuna siku alilala juu ya dawati, na alipoamka alikuta darasa zima linanong'ona ili lisimwamshe, na Mwalimu Emanueli anaandika ubaoni bila kusema neno.

Lakini ilifika siku ya somo la gesi. Emanueli alileta bomba la sindano, akaziba tundu kwa kidole, akasukuma. Hewa ukiibana, alisema, inakusukuma na wewe. Ukiipasha joto inatanuka. Mtungi wa gesi unaonekana umetulia, lakini ndani yake kuna msukumo unaongoja njia. Scholastica alisimama katikati ya somo.

"Mwalimu, kwa hiyo ile saa iliyo juu ya mtungi wa oksijeni inasoma huo msukumo?"

"Ndiyo, mama."

"Ikishuka, maana yake mgonjwa anaishiwa."

"Ndiyo hivyo."

Akakaa. Alipotoka shule, kabla ya zamu, alimwelezea Agness, kwa bomba la sindano tupu, na Agness aliliziba kwa kidole chake akasukuma, akasukuma tena. "Inakataa," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu yule mtoto azikwe, akatabasamu.

Alifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wa nadharia aliuona mgumu. Wa vitendo alimwaga maji mezani. Matokeo yalipotoka, Mwalimu Emanueli alikuja kituoni mwenyewe akikimbia, akasimama kwenye kona ya leba asikoruhusiwa kufika.

"Mama Nesi! D!"

Mtu mwingine angedhani amefiwa, kwa jinsi alivyolia. D ya fizikia, na kwa diploma ilitosha. Agness alimpikia kuku. Kisyeri alikula nao, na walipomaliza akamwambia dada yake, bila kumtazama, "Umejitahidi."

*

Nelson alikuja kituoni kipindi hichohicho. Alikuwa kijana wa Tarime mjini, nesi wa diploma, amevaa viatu vyeupe ambavyo tope la Nyansurura liliviharibu juma la kwanza. Alikuwa na kila kitu ambacho Scholastica alikuwa anakihangaikia. Fizikia alipata B. Leseni alikuwa nayo, na miaka ya kazi alishaimaliza huko alikotoka.

Daktari Omondi hakukawia kuona. Akawaita wote wawili.

"Wilaya imepata nafasi moja ya kusomea usingizi. Nelson ndiye anayetimiza masharti." Kisha akamgeukia Scholastica. "Unajua ningependa nani aende."

"Najua, daktari."

"Lakini mimi sitaki," alisema Nelson. "Samahani, daktari. Mimi nataka dharura, au wagonjwa mahututi. Huko mtu unaweza kwenda hata nje ya nchi. Usingizi, mtu akifa mezani, wa kwanza kuulizwa ni nani? Ni wewe uliyemlaza."

Omondi hakumlazimisha. Scholastica ndiye aliyemfuata nje, alikokuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa akisugua viatu.

"Nelson, mdogo wangu. Mimi hiyo safari bado naianza. Diploma, leseni, miaka ya kazi. Nikifika nitakuwa na mvi. Wewe ukienda sasa, unarudi kabla mahindi ya mwaka kesho hayajavunwa."

"Dada, naogopa."

"Kuogopa ni vizuri. Mtu wa kazi hiyo asipoogopa ndiye wa kumkimbia." Akamsimulia habari za Agness, yote, hata ile ya kipembe ndani ya gari, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Nelson aliacha kusugua viatu.

Akaenda. Scholastica alibeba zamu za Nelson juu ya zake, na hakulalamika, kwa sababu yeye ndiye aliyemsukuma. Nelson alikuwa anampigia simu siku za Jumapili. Mwanzoni alilalamika. Baadaye sauti yake ikabadilika. Alimweleza namna ya kuinua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, namna ya kupiga sindano ya mgongo, namna mgonjwa anavyokuambia kwa rangi ya kucha zake kabla mashine haijasema. "Dada, hii kazi," alisema siku moja, "hii kazi ni ya kumrudisha mtu." Scholastica alifurahi, akaona na wivu kidogo. Hakuufuatilia.

Katikati ya hayo, Agness alipata mimba tena.

Kwa kuwa alishapasuliwa mara moja, na kwa kuwa nyonga yake ilikuwa nyembamba, Omondi alisema hata hii itakuwa ya upasuaji, tena ya kupangwa, bila kungoja uchungu. Wakahesabu. Nelson atakuwa amerudi. Kisyeri alihesabu yeye mwenyewe, akarudia, akawaambia wenzake mnadani: "Mura, rafiki zangu, mke wangu atazalia hapahapa. Kuna kijana wa dada yangu anasomea kulaza watu." Shuka la kijani lilifuliwa. Omondi aliwasha ile mashine, akaisikiliza inavyonguruma, akaizima.

Nelson alifaulu vizuri. Kisha ikapita Jumapili bila simu. Akapiga siku ya kazi, mchana, na Scholastica alijua kabla hajasema.

"Dada. Nimepangiwa kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Mkoa mwingine. Kuna hospitali mtu wao wa usingizi ameanguka akapooza. Wanazalisha wengi sana, dada, kuliko sisi mara nyingi. Hawana hata mmoja."

"Uliwaambia habari zetu?"

"Niliwaambia. Nilikataa kabisa. Wakanionyesha hesabu ya kule. Nikakubali." Akasikika anavuta pumzi. "Ungekuwa wewe ungesema nini?"

Scholastica alitamani kupata mtu wa kumlaumu, hata mmoja, na katika wote hao hakumpata. "Nenda ukafanye kazi yako," alisema hatimaye. "Usiogope sana."

Kumweleza Kisyeri kulimshinda. Alimwomba Omondi amweleze. Kisyeri alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru daktari, akaenda moja kwa moja shambani na jembe, ingawa ilikuwa imeshakuwa saa ya kurudi.

*

Mwezi huohuo Scholastica akapata nafasi ya diploma. Jina lake lilitoka, chuo kikamtaka aripoti. Waitara mwenyewe, aliyekuwa ameshaacha kubisha, alimnunulia sanduku. Kilichobaki ni ruhusa ya mwajiri, na akaenda tena mjini kwa Mama Eunice, amevaa gauni lake la kanisani.

Mama Eunice alimpokea kwa kumkumbatia. Kisha akaketi.

"Scholastica, pale leba mko wangapi sasa?"

"Mimi, na yule binti wa kujitolea."

"Yule hana leseni."

"Hana, mama."

"Kwa hiyo ni wewe."

Scholastica aliona inakokwenda. Alitaka kuinuka kabla haijafika.

"Nilikuwa nategemea Nelson," alisema Mama Eunice. "Nelson angerudi, ningekuachia kesho. Sasa Nelson hayupo. Nikikuachia, ile leba inafungwa, na wale akinamama watazalia nyumbani. Nimeomba mtu wa kukuziba, nimeambiwa hakuna mpaka mwaka ujao, na hata huo mwaka ujao hawakuniahidi."

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia Nelson aende."

"Najua."

"Ningenyamaza, angekuwepo. Na mimi ningeenda."

"Najua, mwanangu."

"Chuo hakitaningoja."

"Unaomba tena. Fizikia yako haiozi." Mama Eunice alijaribu kutabasamu, akashindwa, akamshika mkono juu ya meza. "Nitukane ukitaka. Ningekuwa mahali pako ningetukana."

Scholastica hakumtukana. Alibaki ameshikwa mkono, akisikia watu wakicheka nje ya dirisha kwa jambo lao. Halafu akaaga kwa adabu, kwa sababu gari la mwisho la kurudi lilikuwa linakaribia kuondoka.

Agness hakungojea Nyansurura. Kisyeri alimpeleka Manchira, kwa shangazi yao anayekaa karibu na bwawa, ili awe jirani na hospitali ya mjini siku zikitimia. Ng'ombe aliwaachia wadogo zake na shamba akaliacha lipaliliwe nusu. Scholastica aliwasindikiza mpaka barabarani. Hakuweza kwenda nao.

Siku aliyopasuliwa Agness, Scholastica alipata ujumbe kwenye simu akiwa leba: mtoto wa kike, wote wazima. Alisoma, akairudisha simu mfukoni, kwa sababu mbele yake palikuwa na mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, mke wa mchungaji wa ng'ombe kutoka mbali, na mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia kutoka. Alimwita Omondi. Omondi alikuja, akaangalia, akavua glavu. Yeye alienda kupiga simu, na Scholastica akaanza kutundika dripu.

Safari hii gari lilikuwepo na barabara ilikuwa kavu. Alipanda na yule mwanamke, akamlaza ubavu, akamwinua nyonga kwa mablanketi, akamsemesha njia nzima kwa Kikurya ili asilale. Walifika mjini mwanamke akiwa bado anajibu. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji alitokea mtu wa usingizi, kijana mnene aliyevaa kofia ya kitambaa, akamwinamia mgonjwa, akamwinua kidevu kwa vidole viwili, akamwuliza jina lake. Wakaingia. Scholastica alibaki nje na dripu tupu mkononi.

Alimkuta Agness wodini, mtoto pembeni yake. Kisyeri alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Alipomwona dada yake aliinuka, akampisha kiti, na hakumsalimia kama mgeni.

"Mbebe," alisema Agness.

Scholastica alinawa mikono, akambeba. Alikuwa mwepesi, ana joto, anakunja uso kama mtu aliyeamshwa mapema. Alimsikiliza moyo kwa sikio tupu, akambana kifuani.

"Wifi, wamekuruhusu?" aliuliza Agness.

"Hapana."

"Wamesema lini?"

"Wamesema mwaka ujao. Labda."

Agness akajigeuza kitandani. Mshono ulikuwa unamuuma. Kisyeri alitazama sakafu, akawa anasugua viganja vyake kimoja juu ya kingine.

Chini uwanjani, dereva wa gari la wagonjwa alipiga honi, kisha akapiga tena. Scholastica alijua maana yake: kule leba hakuna nesi, na binti wa kujitolea amepiga simu. Hakuwa bado amejua yule mwanamke aliyemleta amefikia wapi. Alimuuliza nesi aliyepita, na nesi akasema bado wako ndani.

"Nenda tu," alisema Kisyeri. "Tutamwulizia sisi. Anaitwa nani?"

Scholastica alimtajia jina, akamrudisha mtoto mikononi mwa mama yake, akamfunika miguu. Akashuka ngazi haraka.